Maria Ameitika Galula

Dada Skola mpendwa,

Habari za Kitwe, na magoti yako? Nimefika Galula salama, nina vumbi la pikipiki hadi kwenye nyusi. Kanisa ni lilelile la utoto wetu, ila limepungua kimo.

Uliniagiza nikuombee magoti kwa Mama Bikira Maria, kwa Kiswahili alichotufundishia mama kusali, si kwa Kibemba chetu cha ugenini. Nikaahidi. Basi mahujaji wenzangu wakaheshimu mvi zangu, wakanipa niongoze Rozari. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti, kama mtu anayesalimia kwa Kibemba sokoni huko kwetu Kitwe: "Mwapoleni, Maria!"

Bibi mmoja wa benchi la mbele, mchuuzi wa Tunduma, akageuka na kuniitikia kwa Kibemba hichohicho.

"Eya, mukwai! Za Zambia, babu?"

Kumbe naye ni Maria. Kanisa zima likacheka. Katekista alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nikaanza upya kwa Kiswahili, na sikukosea hata neno.

Skola, miaka hamsini nimemsalimu Maria kwa Kibemba. Leo ndiyo mara ya kwanza anaitikia. Jaribu kusimama, dada yangu, lakini polepole.

Kaka yako,
Leonsi