Barua ya Mume Wangu Nimeificha

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke, kwani nina miezi minne tu ya ndoa na hakuna mwenye furaha kama mimi hapa Migori, Maurice akiingia mlangoni bado moyo unaniruka. Yeye ni wa kisiwa cha Takawiri, Ziwa Victoria, ana digrii ya jiografia na anafundisha sekondari, mimi niliishia kidato cha nne, lakini hajawahi kunifanya nijione mdogo. Chuo kikuu Nairobi kimemkubali kusomea M.A., na huko tungekaa pamoja, chumba chetu wenyewe, nikimpikia kila siku. Mama mkwe ameshaanza, "Nyar Kuria, binti wa Wakuria, wewe sasa ni mke wa profesa, hebu tembea polepole!"

Lakini Maurice aliomba pia mafunzo ya mitambo ya barafu huko Mombasa, mwaka mmoja na nusu, kulala bwenini, wake hawaruhusiwi, kwa sababu amekua akiona samaki wa baba yake wakioza ufuoni kwa kukosa barafu. Juzi friji ya zahanati ya kanisa ilikufa, akaifungua yote sakafuni huku akipiga mluzi, na ilipoanza kunguruma akaniita, "Nyangi, njoo usikie!" akauweka mkono wangu juu ya friji kama ananionyesha mtoto. Sasa barua ya Mombasa ya kumkubali imekuja kwa sanduku la posta la kanisa, mke wa mchungaji akanipa mimi, nikaifungua, nikalia, nikaificha chini ya vitenge vya harusi. Wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Kila jioni ananiuliza, "Hakuna barua, mpenzi?" nami nasema hakuna. Mtu mwenye akili kama yake, si M.A. ndiyo bora?

Nyangi, Migori

Dada Nyangi,

Ndoa yako imenifurahisha, kwa hiyo nitakukaripia kwa upole. Hukuificha barua kwa ajili ya akili zake. Uliificha ili usilale peke yako. Naelewa, lakini hiyo ni hofu, usiiite mapenzi.

Soma tena ulichoandika. Kuhusu M.A. umenieleza chumba, chakula na maneno ya mama mkwe. La Maurice mwenyewe sijaona hata moja. Kuhusu friji, nimemsikia hadi mluzi. Digrii anayo tayari. Ya pili itamwongezea heshima, na pengine imrudishe darasa lile lile. Ufundi utampa kazi ambayo ufuo wa kwao unaihitaji. Hata hivyo akitaka M.A., ni haki yake. Kuchagua ni kwake, na wewe umemnyang'anya.

Leo, kabla ya chakula, mpe barua ikiwa wazi hivyo hivyo. Sema, "Niliificha, niliogopa." Atakasirika. Mwache akasirike, na usilie ili akubembeleze. Akichagua Mombasa, jibu lipeleke posta wewe mwenyewe, kesho asubuhi. Mafunzo yana likizo, na ninyi ni vijana.

Jibu hili nakutumia kwanza kwa posta, usisubiri gazeti. Litakapotoka gazetini, uwe umeshazungumza na mumeo.