Tulivyompigia Namba Mbili Vigelegele

Jumamosi. Mvua ya baridi tangu asubuhi, na moyo wangu mchungu.

Sasa hivi tu Neema wangu amesimama mbele ya televisheni, akaweka kidole mdomoni, akawaambia wazee wa kanisa: "Shhh!"

Ana miaka minne.

Baba Esther akashusha kikombe chake cha chai polepole. "Mama Neema," akaniita, "huyu mtoto mnamlea wapi, porini?" Wenzake wakaguna. Mume wangu akatazama zulia. Mimi nikamshika mtoto mkono, nikamleta huku jikoni, nikafunga mlango. Wanangoja nimrudishe aombe msamaha.

Simrudishi. Nimempa ndizi ya kukaanga, anakula chini ya meza, anaimba. Sombe, majani yetu ya muhogo, inachemka, mimi naandika kwenye simu nikiwa nimeegemea friji.

Nimechukia leo. Nimechukia mpaka samaki niliowapika sitaki hata kuwaonja, na mimi samaki napenda sana.

Kule sebuleni wanatazama mpira wa vyuo wa Marekani, ule wa mpira wenye ncha, vijana wenye kofia ngumu wanagongana kama mbuzi. Zamani hakuna hata mmoja wao aliyeujua. Wameujua kwa ajili ya mdogo wangu Amani, anayeucheza kwenye chuo chake hapa Toronto. Sasa wote wamekuwa makocha. Kila Jumamosi wanakuja kwangu hapa Mount Dennis, wanakula, halafu wanalinganisha makwotabeki.

Kwotabeki ni yule anayesimama nyuma ya mstari, anapewa mpira, anaamua aurushe au akimbie nao. Kila timu ina namba moja, anayeanza. Na kuna namba mbili, anayekaa pembeni akingoja mwenzake aumie.

Amani ni namba mbili.

Leo kule Marekani namba moja wa timu ya nyumbani akateguka mguu, akaingia mwenzake. Baba Esther akapiga kelele: "Haya, wameleta takataka! Namba mbili ni namba mbili tu. Angekuwa na kitu, angeanza." Mwingine akasema, "Kama yule wetu!" Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Na Baba Neema naye akacheka. Kidogo, lakini akacheka. Shemeji yake huyo! Kijana anayembebea mtoto begani!

Mimi sikusoma sana, na sheria za mchezo huu nazijua nusu. Lakini macho ninayo. Namba moja wao pale chuoni ni mrefu, ana mkono, mpira wake unakwenda mbali sana. Mara nyingi unakwenda mbali kwa maadui. Amani hana mkono ule, sitadanganya. Anarusha karibu, anarusha haraka, mpira unafika mikononi mwa mwenzake kama mtu anampa jirani chumvi. Na wiki nzima namba moja ndiye anafanya mazoezi na kikosi. Amani anasimama pembeni anashika karatasi za kocha. Halafu siku moja anasukumwa ndani, mwili wa baridi, mvua inanyesha, na watu wanasema: haya, tupime nani zaidi.

Hicho si kipimo. Hapana.

Na Jumamosi iliyopita kulikuwa na jambo lingine. Ndilo hilo limenikaa kooni.

Tulikwenda kumtazama, kanisa zima karibu, na ngoma, na kitenge cha aina moja. Kwetu mtoto akisimama mbele za watu, humwachi kwenye ukimya. Akisimamishwa kanisani, akipewa cheti, akioa, lazima kelele. Ukimya maana yake hana ndugu. Basi namba moja akaumia bega, Amani akaingia, na sisi tukaamka. Vigelegele! Ngoma! Mimi mwenyewe nililia machozi nikipiga. Baba Esther alikuwa na filimbi, ile kubwa ya mwamuzi, akaipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Uwanja mzima ulikuwa kimya, sisi tu. Watu wa mbele wakageuka, wakatuwekea vidole mdomoni. Baba Esther akasema, "Wanatuonea wivu hawa," akapuliza zaidi.

Mwenzake Amani mmoja akaruka kabla ya wakati, timu ikaadhibiwa, wakarudishwa nyuma. Wakajipanga tena, mwingine akaruka, wakarudishwa tena. Halafu Amani akiwa bado anaelekeza kwa mikono, mpira ukaja, ukampiga kifuani, ukaanguka. Adui akaulalia. Mchezo ukaishia hapo.

Tukiwa kwenye basi kurudi nyumbani, Amani amempakata Neema, ndipo akaniambia. Timu yako ikiwa na mpira unanyamaza, kwa sababu kwotabeki anahesabu kwa sauti na wenzake wanamsikiliza wajue lini waondoke. Ukipiga kelele unawaziba masikio. Kelele ni za wakati maadui wana mpira.

Nikatoa simu mkobani.

"Nitawaambia leo leo," nikasema.

"Usiwaambie, Yaya," akasema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake. " Walikuja kwa upendo. Wakijua hawatakuja tena."

Nikamwahidi. Mimi nikaahidi, lakini Neema alikuwa macho mapajani pake, anasikiliza kila neno. Leo ameona namba mbili anaingia, ameona wazee wanapiga kelele, amesimama kumsaidia yule kaka wa kwenye televisheni asikie hesabu yake. Basi. Kosa lake ndilo hilo.

Na mpuliza filimbi ndiye anaongoza hukumu! Tangu Jumapili anasema Amani ametuaibisha. Amemtafutia kazi ya ghala kule Brampton, zamu za mwisho wa wiki, aache kuvaa kofia ya bure. Amani alinijibu kwenye simu kwa sauti ndogo sana: "Labda amesema kweli, Yaya. Nitampa jibu Jumamosi, nikija kula." Mdogo wangu, aliyejifunza kurusha kwa soksi zilizofungwa fundo, hapa hapa kwenye korido ya jengo letu. Wiki nzima hakuja hata kucheza na Neema.

Leo ndiyo Jumamosi.

Nifungue mdomo, nivunje ahadi? Au ninyamaze, ninawe mikono, niwapelekee samaki watu wanaomla ndugu yangu?

Kengele imelia. Neema ametoka chini ya meza, amekimbia. Ni Amani, nasikia viatu vyake vyenye maji. Sebuleni wamenyamaza ghafla, kama watoto mwalimu akiingia. Naogopa kutoka. Naandika nisije nikalia.

Baba Esther anakohoa. "Karibu, kijana. Ile kazi, umeamuaje?"

"Baba Esther, asante sana. Nimefikiri wiki nzima. Siku za wiki nikipata zamu, nitakuja. Jumamosi nacheza."

Mungu wangu.

"Na Jumamosi ijayo mje tena wote," anasema. "Filimbi mje nayo, Baba Esther, ina nguvu ile. Ila leo nataka niwafundishe lini inapulizwa. Sogezeni meza. Neema, njoo hapa mbele. Baba Neema, wewe ni ukuta wangu, inama, inama zaidi, acha kucheka! Wengine wote kimya kabisa. Mpaka niseme tatu, hakuna hata kupumua."

Nimefungua mlango kidogo. Baba Esther amekaa ukingoni mwa kochi, kiganja mdomoni, macho yamemtoka. Anaanza kuelewa. Naona uso wake unavyobadilika, na sikumwambia neno. Amani anahesabu kwa Kiswahili. Moja. Mbili. Neema anatetemeka kwa hamu lakini haondoki. Nyumba nzima nasikia sombe tu.

"Subiri," anasema Amani. "Upande wa kushoto hakuna mtu. Yaya! Weka simu, tumepungukiwa na mtu kwenye mstari!"

Naja, naja. Namalizia tu hapa kwamba namba mbili, jamani, namba mbili ni mtu ambaye