Dodo Zangu Mezani kwa Mama Mkwe

Alida, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Sitoki.

Jana alipita kazini kwangu Remera, nikamwonyesha dodo zangu za utafiti, ule mchicha wetu. Unazijua, nazipanda kwenye udongo wenye madini ya sumu na kuzinyunyizia ile sukari ya maabara inayozikinga zisinyauke. Kumbe nilipogeuka alizichuma.

Leo zimepikwa. Padri aliyealikwa ameshabariki chakula.

Dodo zangu, Alida. Na padri.

Nikasema, "Mama, tusile, zina sumu."

"Mbona nimechuma zile nzuri tu? Zilizonyauka nimeziacha."

Ikabidi nieleze kwamba sukari inauokoa mmea, lakini sumu inabaki majanini.

Padri akarudisha kijiko.

Mama akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mwanangu, kazi yako ni kuipamba sumu?"

Nikaomba kwenda chooni. Ndimo ninamokuandikia.