Kama Gari Jekundu la Tatu Litakuja na Honi

Same, 11 Machi 2000

Mwanangu Yudith,

Pokea salamu kutoka kwenye jua la Same. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika. Mama yako huko Vudee naye hajambo, maharage yamemkubali mwaka huu, na anasema ukija usije na mdomo wa kuchagua, makande yanakusubiri. Wewe je? Mbu wa Dar wamekuachia damu yoyote?

Kibanda kinaendelea vizuri. Unakumbuka wenzangu tuliopunguzwa nao kule ushirika walivyonicheka nilipotumia kiinua mgongo kununua televisheni na mashine ya gemu. Walisema Nathanaeli karukwa na akili, dereva mzima wa lori anafungua mchezo wa watoto. Leo hao hao ndio wanaogombania benchi la mbele. Tangu utuletee lile gemu la Gari Jekundu la Pili, lile la kwanza halina wa kuligusa. Umeme ukikatika hakuna anayeondoka, kila mtu anaogopa kupoteza zamu yake.

Bingwa wetu ni Rabia, yule binti anayeuza chapati mlango wa pili, ambaye wazee wake walikuja kutoka Tabora kukata mkonge. Anaingia na unga mikononi, anawafunga wanaume wote, anarudi kwenye chapati zake kabla hazijaungua. Wa mwisho siku zote ni mimi. Rabia anasema ugonjwa wangu ni adabu. Juzi nilikuwa wa pili, sijawahi kufika hapo, tukaanza kupanda ule mlima wa mzunguko wa mwisho. Nikasikia gari nyuma yangu limeshika kasi ya kupanda. Sasa unaijua desturi ya barabara yetu, aliye nyuma akiwa na kasi mlimani unampisha, maana ukimkatisha hapo, kasi hiyo haipati tena. Basi nikasogea pembeni, nikampisha. Wakapita wote. Benchi zima lilicheka hadi mtu mmoja akaanguka.

Muulize bosi wako Gari Jekundu la Tatu linatoka lini na wameweka nini. Mimi natamani mvua, kwa sababu dereva ambaye hajaonja matope bado ni mwanafunzi. Natamani lori, hata moja tu. Lakini kubwa kuliko yote ni honi. Mtu anaingiaje kwenye kona asiyoona mbele bila kupiga honi? Kidole changu kinaitafuta kila kona, na nikiitafuta napunguza mwendo. Waliotengeneza gemu hili nadhani hawajawahi kukutana na ng'ombe wa mtu barabarani.

Ni mimi Baba yako,
Nathanaeli


Dar es Salaam, 2 Aprili 2000

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma dukani, nikacheka mpaka mteja akaacha kuulizia redio akataka kujua kuna nini. Mimi sijambo, mbu wameshiba wamelala. Magoti yapake yale mafuta niliyomtumia mama.

Bosi ana jarida moja la mambo ya gemu. Anasema Gari Jekundu la Tatu linatengenezwa, huenda likatoka mwakani. Kuna picha ya gari kwenye barabara yenye maji kabisa, mpaka taa zinaonekana chini. Kwa hiyo mvua yako ipo. Lori silioni. Habari ya honi jarida limekaa kimya.

Sasa kaa vizuri, nina jambo. Kuna kijana anaitwa Nicolaus, ni fundi redio hapa dukani, kwao ni Ngujini. Anataka kuleta wazee wake kwenu. Mimi nimekubali, baba, na nimekubali kwa moyo wote.

Na nina ombi moja tu la harusi. Siku nitakapokuja kuolewa nataka wewe ndiye unipandishe nyumbani kutoka Same, wewe mwenyewe kwenye usukani. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukifika Kona ya Nyuki unapiga honi, mbili fupi na moja ndefu, na mama anainjika maji ya chai. Ukiegesha lori chai inamiminwa. Tangu lile lori la ushirika lilipoteleza hapo kwenye matope, honi hiyo sijaisikia tena. Ningependa kuisikia nikiwa nimekaa pembeni yako.

Binti yako,
Yudith


Same, 30 Aprili 2000

Mwanangu,

Marahaba. Mafuta nimepaka, magoti yamepungua kelele.

Huyo Nicolaus aje. Mama yako ameuliza maswali yote na mimi nimeuliza moja tu: Mgweno huyo wa Ngujini ataweza kukaa na Mpare wa huku kwetu, ambaye kesi ya kuku anauza ng'ombe ili ashinde? Kama ataweza, wazee wake wapande, tutawapokea kwa heshima.

Hilo ombi lako limeninyima usingizi. Nitakwambia kweli, kwa sababu wewe si mtu wa kudanganywa. Naogopa. Siku ile nilitoka mzima na utingo wangu akatoka mzima, magunia ya kahawa ndiyo yaliyokwenda bondeni. Watu wakasema Mungu mkubwa, na mimi nikasema hivyo hivyo. Lakini mpaka leo nikipanda pikapu kwenda nyumbani nakaa nyuma kabisa, na tukifika Kona ya Nyuki nafumba macho. Mchungaji ameniomba mara mbili niishike Land Rover ya usharika, dereva wao amehamia Moshi, nami nimemjibu kwamba nimepumzika. Ni kwenye televisheni tu ndiko mikono yangu haitetemeki.

Hata hivyo sitakuacha mikono mitupu. Nimesema mbele ya Rabia na benchi zima, wao ndio mashahidi: Gari Jekundu la Tatu likija na honi, nitaizoea hapa kibandani mpaka moyo utulie, halafu nitakupandisha mwenyewe. Lisipokuja nayo, utapanda na dereva mwingine na mimi nitakaa nyuma yako.

Baba yako


Dar es Salaam, 17 Septemba 2000

Baba,

Shikamoo, na pole na ukame. Wazee wa Nicolaus wamerudi wakisifia makande ya mama, mzee wake anasema alikula mpaka akafungua mkanda. Harusi tumeafikiana iwe Desemba mwakani, watu wote wakiwa wamerudi milimani.

Nimeona nisikae tu kusubiri. Anwani ya watengenezaji ipo nyuma ya jalada la Gari Jekundu la Pili, kwa hiyo mimi na Nicolaus tumewaandikia Japani. Tumewaeleza kwamba dereva mmoja wa barabara ya Vudee anaomba honi, tena ni jambo la harusi. Stempu ilikuwa kubwa kuliko bahasha.

Binti yako,
Yudith


Same, 25 Februari 2001

Mwanangu Yudith,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima wote, na mvua za vuli zilituonea huruma mwishoni. Kule nyumbani pembe ya msaragambo ililia, kijiji kizima kikatoka na majembe kwenda kuitengeneza Kona ya Nyuki. Wamejaza mawe, wamechimba mtaro, sasa maji yanapita pembeni. Na mimi nilibeba mawe. Nilisimama palepale lilipotelezea lori, nikaangalia chini. Bonde lenyewe si refu kama nilivyokuwa nikiliona usiku.

Tangu niwaambie habari ya barua ya Japani, hapa kibandani hakuna mazungumzo mengine. Kila mtu ana ombi lake, na wanadhani mimi ndiye nitakayelipeleka. Mzee mmoja anataka Peugeot 504, anasema gemu la magari lisilo na 504 ni utapeli. Rabia anataka watazamaji wawe wanapiga vigelegele akishinda. Nikiwauliza wote kwa pamoja wanajibu honi. Vijana wamenifundisha kuacha kupisha. Wiki hii nimekuwa wa nne, halafu nikamtafuta niliyempita nimwombe radhi.

Japani wamejibu?

Baba yako


Dar es Salaam, 19 Agosti 2001

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi na Nicolaus hatujambo, na natumaini wewe na mama hamjambo. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Gari Jekundu la Tatu limefika dukani. Bosi alituruhusu tulicheze baada ya kufunga. Baba, mvua yake utaipenda. Matone yanatambaa kwenye kioo, gari la mbele linakurushia maji usoni, na ukikanyaga breki vibaya linakwenda linakotaka lenyewe. Nililia kidogo, Nicolaus akadhani nimefungwa vibaya.

Honi haipo. Nimebonyeza kila kitufe, viwili viwili, vitatu vitatu. Nicolaus amesoma kitabu cha maelekezo chote, kurasa za Kijapani akaangalia picha. Haipo. Na hili gemu linataka mashine mpya, ile yetu ya kibandani hailisomi. Japani hawakujibu. Ningeweza kukuambia honi ipo, ungejua ukweli nikiwa nimeshafika nyumbani, lakini nisingeweza kukaa pembeni yako na uongo huo.

Kwa hiyo kesi nimeshindwa. Ila mimi ni binti yako, na Mpare hashindwi kesi kabla ya rufaa. Nakata rufaa kwa mama. Msomee barua hii, atakaloamua nitalikubali.

Binti yako,
Yudith


Dar es Salaam, 21 Oktoba 2001

Baba,

Shikamoo. Ninyi ni wazima? Tangu Agosti sijapata hata mstari, na kimya chako kinaniumiza kuliko jibu lolote. Kama ombi langu limekukwaza, nisamehe, nimelifuta. Nitapanda na pikapu yoyote. Wewe uwepo tu nyumbani nikishuka.

Yudith wako


Vudee, 18 Novemba 2001

Mwanangu Yudith,

Marahaba, marahaba sana, na pole kwa kukuweka roho juu. Wote wazima. Sikuandika kwa sababu sikutaka kukuahidi kitu ambacho mikono yangu ingekuja kukikana.

Barua yako ya Agosti niliileta hapa nyumbani kama ulivyotaka. Mama yako alikuwa anachambua maharage. Nikasoma, nilipofika kwenye rufaa hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Baba Yudith, honi unayoitafuta Japani ipo kwenye gari la usharika. Rufaa imekubaliwa." Nikamwambia mambo si mepesi hivyo. Akasema yeye amemaliza kuhukumu, anataka kuosha maharage.

Basi nikaenda kwa mchungaji. Mwanzo niliomba niioshe tu ile Land Rover. Kesho yake nikaiwasha. Nikawa naizungusha pale kwenye uwanja wa kanisa, watoto wa Jumapili wakihesabu mizunguko na kunishangilia kama kibandani. Kisha tukateremka mpaka Mwembe, mchungaji kando yangu, anaomba macho wazi. Nikarudia, nikarudia tena, na kibanda nikamwachia Rabia. Anakiendesha vizuri kuliko mimi, na chapati sasa zinauzwa mle ndani.

Alhamisi iliyopita nilitumwa Same kuchukua bati za usharika, nikarudi peke yangu. Mvua ilinikuta baada ya Mwembe, ile ile uliyoniandikia, inatambaa kwenye kioo. Nilipokaribia Kona ya Nyuki nikaona pikapu ya tangawizi nyuma yangu imeshika kasi. Nikasogea, nikampisha. Dereva akaninyooshea mkono. Nikabaki mimi na kona. Nikaweka gia namba moja, nikapiga honi. Mbili fupi, moja ndefu. Mwanangu, nililia kwa sauti, na gari likapanda.

Sikuwa nimemwambia mama yako kwamba nitarudi siku hiyo. Nilipofika hakutoka nje kunipokea. Nikaingia jikoni, nikakuta sufuria inachemka na vikombe viwili vimeshawekwa. Akaniangalia na yale maji yaliyonilowesha, akasema, "Leo umechelewa." Tukanywa chai, tangawizi nyingi kama zamani, wala hatukuzungumzia lolote la maana.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Desemba nitakuwa stendi ya Same kabla basi lenu halijafika. Nicolaus atakaa nyuma na mizigo, ajifunze adabu ya barabara yetu. Mbele ni pako. Gari Jekundu la Tatu lilete hivyo hivyo, mashine mpya itapatikana siku itakayopatikana. Benchi limeshaanza kuulizia la Nne, na mzee wa 504 bado hajakata tamaa.

Mama yako ameongeza sharti moja kwenye hukumu yake. Tukifika Kona ya Nyuki, honi utapiga wewe. Mbili fupi, moja ndefu, na uibonyeze vizuri, maana yeye atakuwa jikoni anasikiliza.

Baba yako,
Dereva