Friji Zako Tatu za Vitabu

Mwaka umetimia, mdogo wetu, tangu asubuhi ile ulipofunga friji ya kioo, ukampa mumeo, Fundi, ufunguo akushikie, ukasema kifua kinakubana kidogo, unakwenda hospitali mara moja na kurudi. Hukurudi. Na katika mwaka huu kuna neno moja ambalo dada yako mkubwa ameshindwa kulitoa kichwani. Kila akilifukuza linarudi: eti vitabu ulivyoacha vinakula usingizi wa watoto.

Alilisikia kwa msusi, jirani wa karakana yenu ya friji, akiwa ameinamishwa kichwa na hawezi kugeuka.

"Samahani mama, simsemi marehemu," msusi alianza, na dada yako akajua hapo hapo kwamba marehemu anakwenda kusemwa. "Lakini wazazi wanalalamika. Wanasema vile vitabu vina kitu."

"Vina kitu gani?"

"Mimi sijui. Mimi nasuka tu."

Dada yako hakusubiri amalize. Alirudi nyumbani upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama wima, na watu njiani wakampisha.

Unamjua. Huyu ndiye anayenusa maziwa yaliyofunguliwa sasa hivi, anayevuta mlango mara ya pili baada ya kuufunga. Aliishia darasa la saba, na tangu hapo kila kilichoandikwa anakitazama kwa jicho la pembeni. Ulimwita Mkaguzi. Alijifanya kuchukia.

Wasiokujua wajue hivi: hukuwa mwalimu wala mwenye duka la vitabu. Ulikuwa mke wa fundi friji, na kazi yako ilikuwa kupokea wateja. Mtu analeta friji haigandishi, anaambiwa asubiri gesi ijazwe, anakaa juu ya kreti huku mtoto anamvuta nguo. Ukaona hapana, hawa watu wapewe kitu cha kusoma. Vitabu vilipozidi meza, ukavihamishia kwenye friji zilizokufa.

Ile fupi ilikuwa ya watoto, nayo uliing'oa mlango ili asije mtoto akajifungia ndani. Ile ya milango miwili ilikuwa ya vijana. Juu, kwenye barafu, uliweka vya kuhuzunisha, chini vya kuchekesha. Na ile ndefu ya kioo, yenye kufuli, ilikuwa ya watu wazima wanaopenda hadithi za majoka na falme ambazo hazipo popote. Mlinzi wa ghala la magodoro alikuwa mteja wako mkubwa wa friji hiyo.

"Mbona vya huku vinafungiwa?" alikuuliza siku moja. "Majoka yanatoroka?"

"Majoka hayana neno, kaka yangu. Humo ndani kuna ndoa. Ndoa ndiyo ya kufungia."

Hukumpa mtu kitabu ambacho wewe mwenyewe hujakimaliza. Na kabla ya kumpa, ulimuuliza swali lako, mtoto au mzee: "Unaogopa nini?" Anayeogopa maji hukumpa bahari. Aliyetoka kuzika hukumpa kitabu kinachoanza na jeneza. Ulivipita hivyo kimya kimya, mkono ukatua kwenye kingine, na yeye asijue umemkinga na nini.

Tunamkumbuka yule mtoto mwenye vyuma miguuni, aliyekuja na babu yake. Ulimpa kitabu cha mtoto mwenye vyuma kama vyake, anayeongoza majitu ndani ya pango kwa mlio wa hatua zake. Alikisoma amesimama, akakataa kreti. Kisha ukamwongezea cha pili, cha binti kiziwi anayezungumza na majoka kwa mikono, kwa sababu majoka nayo hayasikii.

"Lakini mimi nasikia," alilalamika.

"Ndiyo maana nakupa. Kimoja cha mtu kama wewe, kimoja cha mtu usiyemjua. Ukisoma kimoja tu ukaniletea, sikupi kingine, hata ulie."

Hivyo ndivyo ulivyowapa wote. Wanene walijikuta ni mashujaa, wenye kigugumizi wakajikuta ni wafalme, na kila mmoja akabebeshwa pia mgeni wa kumpeleka nyumbani.

Dada yako hakuwahi kuviamini. Alikuwa akija na mkoba wake, anachomoa kimoja, anakigeuza nyuma na mbele kana kwamba anatafuta tarehe ya kuharibika.

"Huyu mwenye mbawa ni malaika au ni jini?"

"Ni fundi bomba, dada. Soma."

"Fundi bomba, mbawa za nini?"

"Matangi si yako juu?"

Siku nyingine alinyoosha mkono kwenye friji ya kioo, akagusa kijitabu cheusi, chembamba, chenye picha ya kioo kwenye jalada. Ulimpiga kidogo kwenye vidole. "Hicho hapana, Mkaguzi. Mimi mwenyewe nilifunika kioo cha kabati." Halafu ukamuuliza lile swali lako, naye akakujibu kwamba yeye haogopi kitu, anashuku tu. Ulicheka mpaka Fundi akatoka chini ya friji kuja kuona kuna nini.

Basi siku ile ya nywele nusu, dada yako alifika nyumbani akakuta kioo cha bafuni kimefunikwa taulo. Kitindamimba wake, yule anayekuita mama mdogo, alikuwa anapigia mswaki uani.

"Kioo kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Bado."

Dada yako akainua godoro la mtoto. Chini yake kulikuwa na kijitabu cheusi, chembamba.

Alikaa kwenye ngazi za jikoni akakisoma, kidole chini ya mstari, mpaka sufuria ikaungua. Ni habari za mji ambao vioo vyake hubaki na sura ya anayejitazama sana, na mtu huondoka hana uso. Kimeandikwa vizuri, na hapo ndipo penye ubaya. Alipokimaliza, yeye mwenyewe hakutaka kuingia bafuni.

Akaanza kuhesabu watu. Kitabu hiki kilikuwa ndani ya kufuli, kwa hiyo kuna aliyefungua. Msusi? Msusi alikuwa akiitamani kona ile ya karakana tangu zamani, apate pa kuweka mashine zake za kukaushia. Au Fundi amepata mwanamke mwingine? Maana dada yako alikwisha kusikia kwamba vitabu vyako siku hizi vimepangwa vikapangika, vimenyooka kama sare. Wewe hukuwahi kunyoosha kitu. Na Fundi tunamjua, anaweka soksi kwenye boksi la spana. Mkono wa nani ule?

Kesho yake asubuhi alikwenda karakana bila kubisha hodi, na alilolikuta lilimsimamisha mlangoni. Msusi yupo. Baba Pacha, anayekaa nyuma ya karakana, yupo na toroli tupu. Fundi amesimama mbele ya vitabu na bisibisi mkononi, kama mtu aliyewekwa kulinda kitu asijue analinda dhidi ya nani. Na pale ilipokuwa friji ya kioo, sakafu tu, safi, ya mraba.

"Tumekubaliana wazazi," Baba Pacha alisema. "Vinakwenda kwa wanunuzi wa karatasi za kufungia. Hatutaki ugomvi na marehemu."

"Marehemu hagombani," dada yako alijibu. "Mimi nagombana. Friji ya kioo iko wapi, shemeji?"

"Mwenyewe kaja kuichukua."

"Mwenyewe nani?"

"Yule wa duka la soda. Aliileta kutengenezwa, akapotea. Mke wangu alisema hatarudi yule. Baada ya msiba karudi."

"Na vitabu kavipanga nani?" Aliuliza huku anamtazama msusi.

"Mimi," alisema Fundi.

"Wewe?"

"Mimi, shemeji. Vyembamba, watoto. Vya wastani, vijana. Vinene, wakubwa. Mtoto ana mkono mdogo, atabebaje kitu kizito?"

Dada yako akatoa kile cheusi kwenye mkoba. "Kwa hiyo hiki ulimpa mwanangu kwa sababu ni chepesi?"

Fundi akaonekana kuumia. "Siwezi kutoa kitabu hivi hivi. Nilimuuliza kwanza. Miaka yote niko chini ya kompresa namsikia mke wangu: unaogopa nini, unaogopa nini. Na mimi nikamuuliza mtoto. Akasema anaogopa kujitazama kwenye kioo taa ikizimika. Nikatafuta chenye kioo."

Baba Pacha akaachia mikono ya toroli.

"Ukampa anachokiogopa?" dada yako alisema taratibu.

"Si ndiyo dawa yenyewe? Nilidhani ni kama chanjo."

"Kumbe!" Msusi aliweka mikono kichwani. "Wangu alikwambia nyoka!"

"Nilipata vya nyoka viwili. Nikampa vyote."

"Wangu," alisema Baba Pacha, "walikwambia wanaogopa mwalimu wa hesabu."

"Hicho nilikikosa," Fundi alikiri. "Bado natafuta."

Ungekuwepo ungekaa chini kwa kicheko. Wao hawakucheka, kwa sababu Fundi alikuwa ameinamia ule mraba wa sakafu, akasema kwa sauti ya chini, "Sikutaka mtu aondoke mikono mitupu. Yeye asingekubali mtu aondoke mikono mitupu."

Kisha Baba Pacha, kwa upole, ndiyo, lakini akilishika tena toroli lake, akasema, "Fundi, hatukulaumu. Lakini tutajuaje sasa kipi ni cha nani? Aliyekuwa anajua kaondoka. Heri viende vyote."

Dada yako alivitazama vitabu vyako vilivyosimama kwa unene. Alimtazama msusi. Aliona jinsi neno litakavyokwenda mjini baada ya toroli: walivitoa, kwa hiyo kweli vilikuwa na kitu, kwa hiyo na mwenyewe alikuwa na kitu. Jina lako lingefungiwa karanga.

Akavuta kreti, akaliweka mlangoni, akakaa.

"Hakuna kinachotoka hapa mpaka nimekikagua."

"Utavisoma vyote hivi, mama?"

"Siviamini hata kimoja. Kwa hiyo nitavisoma vyote."

Ndivyo alivyoanza, mdogo wetu, na ndivyo anavyoendelea, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Akimaliza kimoja anakiita jina kwa sauti: huyu anafiwa na mbwa, huyu ana mafuriko, huyu ana ndoa. Fundi anaandika kwa chaki kwenye ubavu wa friji. Friji fupi imerudi kwa watoto. Ile ya milango miwili imerudi kwa vijana, na vya kuhuzunisha vimepanda tena kwenye barafu. Vya watu wazima viko kwenye friza ya kulala, yenye kufuli, na ufunguo uko mahali ambapo Fundi hana ruhusa ya kuutafuta. Mlinzi wa magodoro amekuja kulalamika kwamba siku hizi anahojiwa kuliko anavyohoji yeye getini.

Watu wenye mbawa bado anawashuku. Ila alimaliza cha fundi bomba, akakifunga, akasema, "Huyu hana neno." Kwa mdomo wake hiyo ni sherehe.

Mtoto wa vyuma amerudi. Sasa anasalimia kwa mikono, na babu yake amechoka. Msusi alimalizia upande wa pili wa nywele, na dada yako alimtazama kwenye kioo mwanzo hadi mwisho. Tunaendelea kumtazama. Na taulo la bafuni limeshuka nusu. Mtoto anajiona paji la uso na macho, anasema kwa sasa inatosha.

Lile swali lako, unaogopa nini, dada yako hakulijibu kweli siku ile, na sasa analijibu hapa, watu wasikie. Anaogopa siku ambayo mtoto ataingia karakana, achukue kitabu, aondoke, asijue friji zilikuwa za nani. Sisi tuliobaki tunaahidi kwamba siku hiyo haitafika tukiwa hai.

Wanaokukumbuka kila mlango wa friji unapofunguliwa: mumeo, Fundi; mama yako mzazi, aliyeomba asomewe cha majitu mara ya pili; kaka yako dereva wa lori; dada yako, Mkaguzi; na kitindamimba, anayeuliza mama mdogo angempa kitabu gani leo.

Na kwa wazazi, na kila atakayefika karakana, haya ni ya kuepuka:

Usipime kitabu cha mtoto kwa unene wake.

Usiamini jalada. Picha ya sungura si ushahidi.

Usimpe mtoto kitabu ambacho hujafika ukurasa wake wa mwisho.

Usimpe vitabu vya watu wanaofanana naye peke yake, wala vya wasiofanana naye peke yake.

Usimtume mtoto kuchukua cha friza. Njoo mwenyewe.

Usinunue kwa mtu anayezunguka na begi akisema ametumwa na familia hii. Hatujamtuma mtu.

Usirudishe kitabu kimelowa ukasema ulikikuta hivyo. Kimekaguliwa.

Usimseme marehemu kwa neno ulilolisikia ukiwa umeinama.

Usimuulize mtoto anaogopa nini, halafu ukaondoka.