Bibi, Kijani na Kiti cha Iringa

Jumatatu, 1 Septemba

Picha nane kwa sekunde tena. Nimebadilisha waya, nimeongeza feni, bado nane, na video inahitaji thelathini ili isikatekate. Kompyuta yangu ya kiganjani inachoka kabla yangu.

Jumamosi ni send-off, sherehe ya kumuaga binamu yangu Tumaini kabla ya ndoa, Iringa. Bibi ndiye aliyemlea, na goti halimruhusu kusafiri kutoka huku Mbeya. Nimeahidi ataketi hapa studio mbele ya kitambaa cha kijani, mashine ifute kijani, na kwenye skrini ya ukumbini aonekane amekaa kwenye kiti walichomwachia. Picha ya kiti nimeshatumiwa. Atoe baraka akiwa pale.

Kwa sasa sauti inatangulia, mdomo unafuata. Kama anatafuna. Siwezi kumfanyia Bibi hivyo.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeliona tatizo. Kwa kila nukta ya picha mashine inapiga hesabu upya: rangi hii iko mbali kiasi gani na kijani? Upuuzi. Jibu la rangi moja halibadiliki. Nikokotoe mara moja, majibu niyaweke kwenye jedwali, mashine isome tu.

Nimeshindwa kula. Furaha.

Bi Zuhura, mwenye studio, ameniona nikizunguka chumbani. "Mwanangu, una mchumba au una homa?" Nikamwambia nina jedwali. Akaniombea dua.

Alhamisi, 4 Septemba

Kumi na moja tu. Nililia chooni.

Halafu nikaelewa. Jedwali ni kubwa mno, haliingii kwenye kumbukumbu iliyo karibu na prosesa, kwa hiyo kila jibu linafuatwa mbali. Nikapunguza rangi: zinazokaribiana sana zikagawana jibu moja. Jedwali likawa dogo.

Thelathini.

Naandika tena ili niamini. Thelathini. Kingo za nywele zina menomeno kidogo, ukumbini hakuna atakayeona. Nilipunga mkono, na mkono wa kwenye skrini ukapunga nami. Nikaendelea kupunga mpaka Bi Zuhura akazima taa.

Ijumaa, 5 Septemba

Majaribio. Bibi amekuja na sare ya familia. Kitenge cha kijani, kuanzia gauni hadi kilemba. Ilitangazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo nimelinyamazisha tangu vikao vianze.

Kwenye skrini: uso na mikono miwili, vinaelea juu ya kiti.

Bibi akajitazama. "Tumaini atajua nimekufa." Mama, aliyemleta Bibi, alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nikamwomba Bibi avae gauni jingine.

"Ukoo mzima utavaa hii. Mimi nani nije kama mgeni?"

Ana haki. Nilichukia kwamba ana haki.

Bi Zuhura akatoka, akarudi na shuka la kitandani kwake. La bluu, halina ua hata moja. Nikalipiga pasi, tukalitundika. Programu sikuigusa. Nilijaza jedwali upya tu, bluu mahali pa kijani. Bibi hajamaliza chai, tayari ameketi Iringa, mzima, na sare yake.

Nataka kesho ifike sasa hivi.

Jumamosi, 6 Septemba

Imepita.

Bibi alisema maneno machache, kwa Kinyakyusa. Mdomo ulikwenda na sauti. Kupitia simu ya kaka yangu aliyekuwa kule, mimi na Bibi tuliuona ukumbi: Tumaini akasimama, akaenda kwenye kile kiti kitupu, akapiga magoti mbele yake. Bibi akanyoosha mkono.

Hakuna aliyeuliza ni picha ngapi kwa sekunde.

Sasa amesinzia mbele ya shuka la bluu, kilemba kimelala upande. Nimezima kamera. Sijamwamsha.