Kaloleni Imefungwa Kabisa

Shella, Malindi
12 Februari 2024

Kaka Nzai,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi na watoto hatujambo, ila mdogo ana yale mafua yake ya kila Februari. Mama anaendeleaje na goti? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyompelekea si ya kupaka kifuani. Trizah msalimie sana. Mke wako ndiye mtu pekee humo nyumbani anayeshika simu ninapopiga.

Naandika kwa kalamu kwa sababu Mama ameamua. Amesema amechoka kusikia watoto wake wakipigiana kelele kwenye simu mwaka mzima tangu tumzike Baba, na kwamba simu ibaki ya salamu na misiba, ugomvi uandikwe. Basi nauandika. Chengo atakuletea kwenye lori pamoja na zile sufuria ulizoomba.

Jambo langu ni moja. Baba ametuachia biashara moja yenye maduka matatu: hili langu la Shella, la Mambrui analoliangalia mfanyakazi wetu Musyoka, na hilo lako la Kaloleni. Kila duka lina ukurasa wake kwenye ramani ya simu, na kurasa zote tatu nazitunza mimi. Wewe unaona ni mchezo. Lakini siku hizi mtu akifiwa yuko Nairobi na mazishi ni Kaloleni, hamuulizi jirani nani anakodisha tenti. Anaiuliza simu. Ikimwonyesha jina moja, picha na saa za kufungua, anapiga. Ikimwonyesha vurugu, anampigia mtu mwingine.

Na kwako ni vurugu. Ukurasa unasema Mwaringa Tenti na Viti, jina la Baba. Wateja wanafika, wanakuta umepaka kibao kipya, Nzai Tenti na Viti, wanadhani wamepotea. Saa za kufungua nilikuuliza ukaniambia "asubuhi". Asubuhi si saa, Kaka. Huko Mambrui Ijumaa moja ramani ilisema tuko wazi mchana, kumbe Musyoka amefunga kama mtaa mzima unavyofunga kwa swala, na watu wa maziko wakagonga mlango bure. Wenzetu Waislamu huzika siku hiyo hiyo, hawana nafasi ya kungoja. Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi, kisha nikarekebisha ukurasa.

Nakuomba urudishe kibao cha Baba, na unitumie picha tatu: mlango, tenti, viti. Usimpige picha mbuzi tena.

Nakupenda ijapokuwa unanichosha.

Dada yako mdogo,
Everlyne


Kaloleni
20 Februari 2024

Mdogo wangu Everlyne,

Barua yako imefika ikinuka dizeli ya Chengo. Sisi wazima. Goti la Mama limepoa. Ile dawa alikwisha kuipaka kifuani na anasema imemsaidia. Mtoto mpe ndimu na asali, atapona. Trizah anakusalimu.

Sasa na mimi nikuandikie ugomvi. Kibao sikirudishi. Watu wa Kaloleni hawahitaji ramani kunipata. Ukishuka stendi ukasema Nzai wa tenti, hata huyo mbuzi uliyemkataa atakuonyesha njia. Halafu umeweka namba yako ya simu kwenye kurasa zote tatu. Kwa hiyo mtu akifa nyuma ya nyumba yangu, wenyewe wanapiga Malindi, na wewe ndiwe unayeniambia nani amekufa Kaloleni. Hilo unaliona sawa?

Kwenye matanga mwenye tenti hukaa. Baba alitufundisha hivyo. Unasimamisha tenti, unaketi na wafiwa kwenye viti vyako mwenyewe, unakula nao, ndipo unaondoka. Hilo halimo kwenye ramani yako.

Na kwa kuwa umeanza habari za kibao cha Baba, niseme lililo moyoni. Alipougua miezi saba, nani alimgeuza kitandani? Nani alimwosha? Wewe ulikuja na machungwa, ukapiga picha, ukarudi Malindi kufungua duka. Mtu asiyemwosha baba yake asinifundishe kulitunza jina lake.

Nimemaliza. Wasalimie watoto.

Kaka yako,
Nzai


Shella, Malindi
23 Februari 2024

Kaka,

Natumai mko salama. Sisi tuko.

Nimesoma. Sitakuandikia tena habari za ramani. Ukurasa wa Kaloleni hautakusumbua, nimeshaushughulikia. Kaa na kibao chako na watu wako.

Mama nitampigia mwenyewe.

Everlyne


Kaloleni
8 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Miezi tisa na zaidi hatujaandikiana, na Pasaka hukuja. Kwanza nikujulie hali. Watoto wamefunga shule? Mama huwauliza kila Jumapili. Yeye ni mzima, ila siku hizi haongei sana. Trizah amepata kibarua cha kupika kwenye shule moja hapa, anatoka alfajiri. Mimi mwili ni mzima.

Leo naandika bila ugomvi. Duka linakufa. Tangu Machi watu wa mbali hawaji tena. Nilikuwa nikidhani hao ni wachache, kumbe ndio waliokuwa wakichukua tenti kubwa na viti vyote. Majirani zangu huchukua viti ishirini wakarudisha kumi na vinane. Nimeshona tenti iliyochanika, nimepaka rangi mlango, nimepunguza bei. Wapi.

Mwezi wa Agosti alifariki Mwalimu Kyalo. Unamkumbuka, yule Mkamba aliyekuja kufundisha misheni akabaki hapa hadi uzee. Ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu mara ya kwanza. Nilikaa dukani siku tatu nikingoja bintiye Pamela aniite. Viti nilikuwa nimekwisha kuviosha. Siku ya mazishi nikaona lori la watu wa Mombasa likipita na tenti zao. Lilifika limechelewa, na waombolezaji walikuwa wameketi chini juani tangu asubuhi, vikongwe kwa watoto. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaona haya, nikarudi nyumbani. Sikumsindikiza mwalimu wangu, Everlyne. Nilijua wamenikataa, na sikujua kosa langu.

Mama ndiye aliyenionyesha kosa. Nilimsomea mwenyewe nakala ya barua yangu ya Februari. Akasema lile la kumwosha Baba halikuwa neno la kumwambia ndugu. Na kweli nilijua hata nilipokuwa nikiandika. Kila Jumamosi ulileta dawa na nepi, na Baba mwenyewe ndiye aliyekataa umwone alivyokuwa. Mama anasema neno la namna hiyo humrudia aliyelisema, na mpaka nitie maji kinywani, niyateme chini mbele yako, niseme moyo wangu mweupe, mlango wangu hautafunguka. Mimi si mtu wa kuamini sana mambo hayo. Lakini niamini nisiamini, nilikukosea. Nisamehe, mdogo wangu.

Kuna mtu wa Mariakani ananunua vyombo. Ijumaa iliyopita alibeba fungu la kwanza, na vilivyobaki atavichukua baada ya Krismasi. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Kaka yako,
Nzai


Shella, Malindi
11 Desemba 2024

Kaka Nzai,

Sijui nikuulizeje hali yenu ilhali nimeiharibu mimi. Watoto wamefunga shule na ni wazima. Mimi si mzima.

Nimeshika simu mara nyingi leo nikaiweka. Hili nimeona niliandike, ili ulisome lote hata kama ungetaka kunikatia.

Maji hayo usiyachukue kwa ajili ya duka. Si neno lako lililolifunga. Ni mimi. Siku niliposoma barua yako ya Februari nilikaa nyuma ya kaunta nikalia, kisha nikaufungua ukurasa wa Kaloleni. Pale pana mahali pa kusema duka liko wazi, limefungwa kwa muda, au limefungwa kabisa. Nikagusa la tatu. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Tangu siku ile, kila aliyetafuta tenti za Kaloleni akiwa mbali aliliona duka letu, na chini yake maandishi mekundu yakisema imefungwa kabisa.

Nilikusudia iwe wiki moja. Nilitaka upige simu ulalamike, nami nikuambie, unaona basi kazi ya ramani? Hukulalamika. Hukujua hata pa kutazama. Wiki ikawa mwezi, na kila nilipotaka kurekebisha nililikumbuka lile neno, nikaacha. Kuna siku alinipigia mwanamke kutoka Nairobi, sauti imemkauka kwa kulia. Akaniuliza kama ni kweli duka la Kaloleni limefungwa. Nikamjibu ndiyo, tumefunga. Sikumuuliza anamzika nani. Ilikuwa Agosti, Kaka. Nimesoma barua yako, nikahesabu siku.

Sina la kujitetea. Wewe ulinisema kwa hasira, na umeomba msamaha. Mimi nilikufanyia kwa kidole kimoja nikanyamaza karibu miezi kumi, huku nikiwatazama wateja wako wakija kwangu. Hayo mawili hayalingani na sitaki uyalinganishe kwa kunihurumia.

Jana nilijaribu kuufungua ukurasa. Umekataa. Kwa kuwa umekaa umefungwa muda mrefu, wenye ramani wanataka ushahidi: video moja isiyokatwa, ianzie barabarani, ionyeshe kibao, kisha msimamizi wa ukurasa aonekane akifungua mlango kwa ufunguo na kuonyesha vyombo vilivyomo. Msimamizi ni mimi. Ukitaka, nitakuandikisha wewe badala yangu, namba iwe yako, jina liwe hilo lililo kwenye kibao chako, nami nijitoe. Usiponitaka mlangoni kwako nitaelewa. Lakini nakusihi, huyo mtu wa Mariakani asichukue vilivyobaki.

Nisamehe ukiweza.

Dada yako mdogo,
Everlyne


Kaloleni
4 Januari 2025

Everlyne,

Sisi wazima. Mama mzima, Trizah mzima. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua inavyoandika.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka juu ya kabati. Siku ya Krismasi Mama alipokuwa akiongea nawe kwenye simu, nilitoka nje nikajifanya nakata kuni. Nilikuwa na maneno ya kukuandikia, mabaya kuliko yale ya Februari, na safari hii nilikuwa na haki nayo. Nimeyameza. Hayakushuka vizuri, lakini yameshuka.

Mtu wa Mariakani amekwenda na viti mia moja na tenti kubwa, na hivyo havirudi. Vilivyobaki nimemnyima. Alinitukana kidogo akaenda zake.

Jumapili nilikwenda kwa Pamela, maana yuko hapa kwa likizo. Nilimpa pole niliyochelewa nayo miezi minne. Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Lakini Nzai, sisi tulikutafuta. Niliwapigia watu wenu mwenyewe nikaambiwa mmefunga. Baba alikuwa ameacha neno kwamba akifa, tenti iwe ya Nzai, ili Nzai akae naye. Tukadhani labda na wewe umepatwa na msiba."

Hayo ndiyo uliyoyafanya, mdogo wangu. Sikwambii ili nikuchome. Nakwambia kwa sababu siwezi kuyabeba peke yangu. Pamela alinipeleka kaburini. Nilikuwa nimechukua kiti kimoja dukani, nikakiweka pale nikaketi. Nikamsomea Mwalimu majina ya wanafunzi wa darasa letu, wale niliowakumbuka.

Mama nimemweleza. Akasema basi maji tutayatia kinywani sote wawili, na atakayecheka, yeye Mama atamchapa.

Hiyo habari ya kuniandikisha mimi, sitaki. Ningeweza kupiga video kesho kwa simu ya Trizah, na duka likafunguka kwenye ramani bila wewe kukanyaga hapa. Nililifikiria hilo siku kadhaa na lilikuwa jepesi. Lakini aliyeufunga mlango ni wewe, na mwenyewe umesema wanataka kumwona msimamizi akiufungua kwa mkono wake.

Ufunguo nimeutia kwenye bahasha hii. Sina mwingine. Leo asubuhi, kabla sijafunga, alikuja mtu wa Chonyi kuulizia viti vya wiki ijayo, nikamwambia tumefunga mpaka dada yangu afike kutoka Malindi. Kwa hiyo sasa ramani yako inasema kweli.

Chengo anakuja huku Jumamosi ijayo, na kiti cha mbele hakina mtu.

Kaka yako,
Nzai